Meno ya Kamba na Kipimo cha Utafiti: Maoni Kuhusu Athari ya Mwainishaji

1.0 Utangulizi

Katika kikao kimoja cha kutathmini kazi za wanataaluma, ambacho mwandishi wa makala haya alikihudhuria akiwa mjumbe kutoka upande wa lugha, palizuka swali ambalo halijamtoka akilini hadi leo. Mbele ya wajumbe palikuwa na jalada la mtafiti aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuainisha kamba wa baharini. Mjumbe mmoja, baada ya kupekua kurasa chache, aliuliza: "Huyu bwana amehesabu meno ya kamba miaka yote hii, athari yake ni ipi?" Watu wakacheka. Kisha ikasomwa idadi ya mara ambazo maandishi ya mtafiti huyo yalikuwa yametajwa na wenzake. Idadi ikaonekana ndogo, na shauri likafungwa.

Makala haya yanashikilia kwamba swali lile lilikuwa la haki, ila kipimo kilichotumiwa kulijibu hakikuwa cha haki. Anayelipwa kwa fedha za umma hana budi kuulizwa kazi yake imewafaa nini watu. Lakini kabla ya kupima athari ni vyema tukubaliane juu ya maana ya neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku neno athari huelekea kwenye madhara: athari za ukame, athari za vita. Asili yake ya Kiarabu ni pana zaidi, kwani hutaja alama inayobaki baada ya kitu kupita, kama unyayo mchangani. Hoja yetu ni kwamba unyayo wa mwainishaji haupatikani katika orodha za marejeo. Unapatikana katika kazi za watu wengine ambao, bila yeye, wasingejua wanashughulika na kiumbe gani.

Ili hoja hii isibaki hewani, tutamtazama mwanasayansi mmoja ambaye habari zake zinajulikana, kisha tutaeleza kwa nini suala hili linawahusu pia wataalamu wa Kiswahili.

2.0 Mfano wa Isabel Pérez Farfante

Isabel Pérez Farfante alizaliwa Havana, Kuba, mwaka 1916. Alisoma katika chuo kikuu cha mji huo, akapata ufadhili wa Guggenheim mwaka 1942, na mwaka 1948 akatunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo cha Radcliffe nchini Marekani. Alirejea kwao kufundisha. Baada ya mapinduzi ya 1959 aliihama nchi pamoja na familia yake, akaendelea na utafiti Marekani, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika makumbusho ya historia ya viumbe ya Smithsonian jijini Washington. Mwaka 1969 alichapisha uchunguzi mpana wa kamba wa jenasi Penaeus wa upande wa magharibi wa Atlantiki. Mwaka 1997, akiwa amevuka umri wa miaka 80, alitoa pamoja na Brian Kensley, mzaliwa wa Afrika Kusini, kitabu kinachobainisha familia na jenasi zote za kamba wa makundi ya penaeidi na sergestidi waliojulikana duniani wakati huo. Alifariki mwaka 2009.

Kazi yenyewe ilikuwa ya aina gani? Mwainishaji huweka kamba chini ya lenzi. Huhesabu meno ya mwiba unaochomoza kichwani, juu na chini. Hufuata mifereji iliyo kwenye gamba la kichwa na kifua, akiangalia inaanzia wapi na kukomea wapi. Hutazama hasa viungo vya uzazi: kile cha dume kinachopitishia mbegu, na kile cha jike, kilicho kati ya miguu ya nyuma ya kutembelea, kinachozipokea. Hulinganisha kielelezo kimoja na vingine kumi, mia au elfu, kutoka bahari mbalimbali. Kisha huandika maelezo bainishi pamoja na ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali ambayo mtu mwingine, mahali pengine, akiyajibu kwa uaminifu atalifikia jina lile lile.

Ni kazi ya kuchosha macho, isiyo na shangwe, na asiyeifanya huiona nyepesi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

3.0 Nyayo zake ziko wapi

Tuanze na viungo vya uzazi vilivyowachekesha wengi. Pérez Farfante alipoligawa kundi la Penaeus mwaka 1969, alilipa jina la Litopenaeus kundi dogo la kamba ambao kiungo cha jike kiko wazi, hakina vibamba vya kukifunika. Tofauti hiyo hubadili mwenendo mzima wa uzazi. Katika kamba wenye kiungo kilichofungwa, dume hulikaribia jike muda mfupi baada ya jike kujivua gamba, wakati mwili wake ungali laini, na mbegu huhifadhiwa ndani hadi mayai yatakapotagwa. Katika kamba wenye kiungo kilicho wazi, jike huwa na gamba gumu na mayai yaliyokomaa, na mbegu hubandikwa nje muda mfupi kabla ya kutaga. Mwenye kituo cha kutotoleshea vifaranga asipoijua tofauti hii hatajua wakati wa kuwaweka pamoja dume na jike.

Miongoni mwa kamba wa kundi hilo la wazi yumo vannamei, kamba wa pwani ya Pasifiki ya Amerika, ambaye leo hufugwa kuliko krasteshia mwingine yeyote duniani. Kwa takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), mwaka 2020 zilivunwa tani milioni 5.8 za kamba huyu kutoka kwenye ufugaji. Hatudai kwamba mwainishaji ndiye aliyezifuga. Tunadai kwamba waliozifuga walianza kwa kujua wanamfuga nani, na kwamba tofauti waliyohitaji kuijua ilikuwa imekwisha kuelezwa na watu waliokaa na lenzi.

Pwani yetu nayo imo katika habari hii. Kamba wanaovuliwa katika delta ya Rufiji, katika maji ya Bagamoyo na katika Ghuba ya Ungwana nchini Kenya si wa namna moja. Wamo indicus, aliyeelezwa na Henri Milne Edwards mwaka 1837. Monodon, aliyeelezwa na Fabricius mwaka 1798. Wamo pia semisulcatus, japonicus, na Metapenaeus monoceros. Wote hutaga baharini, na watoto wao husogea kuelekea pwani kukua kabla ya kurudi kwenye kina. Lakini hawakulii mahali pamoja. Watoto wa indicus hupenda matope ya mikokoni, wa semisulcatus hukaa kwenye nyasi za baharini, na wa japonicus hujifukia katika fungu la mchanga. Kwa hiyo anayekata mikoko hamdhuru kila kamba kwa kiasi kimoja, na anayeharibu nyasi za baharini humdhuru mwingine kabisa.

Kenya ilisimamisha uvuvi wa kamba wa meli za kukokota nyavu katika Ghuba ya Ungwana mwaka 2006, na Tanzania ikasimamisha wa kwake mwishoni mwa mwaka 2007. Maamuzi ya namna hiyo, na yale ya kufungua tena, hutegemea takwimu. Takwimu zinazosema "kamba" peke yake zinaweza kuonyesha kwamba mavuno hayajapungua, kumbe spishi moja inakwisha na nyingine inachukua nafasi yake. Anayeweza kuligundua hilo ni yule anayejua kuwatenganisha.

4.0 Jina linapokataliwa

Ingekuwa udanganyifu kumsifu mwainishaji bila kutaja ugomvi aliouzusha. Katika kitabu cha 1997, Pérez Farfante na Kensley waliyapandisha makundi madogo ya Penaeus yakawa jenasi kamili. Jenasi moja iliyozoeleka ikawa sita: Penaeus yenyewe, Farfantepenaeus, Fenneropenaeus, Litopenaeus, Marsupenaeus na Melicertus. Moja kati ya hizo, kama msomaji anavyoona, ina jina la mama huyo mwenyewe, alilopewa kwa heshima na mtaalamu mwingine. Kamba wetu wa Rufiji akaondoka katika Penaeus akaingia Fenneropenaeus. Japonicus akawa wa Marsupenaeus. Monodon na semisulcatus wakabaki walipokuwa.

Wafugaji, wachunguzi wa magonjwa na watunga sheria za biashara wakajikuta na majina mapya ya viumbe wale wale. Wengine waliyapokea, wengine wakayakataa. Mwaka 2007 Timothy Flegel, mtafiti wa magonjwa ya kamba nchini Thailand, alichapisha makala ya kutetea haki ya wanasayansi kuyakataa mabadiliko hayo. Mwaka 2011 Ma, Chan na Chu walitoa uchambuzi wa jeni uliopinga mgawanyo wa jenasi sita. Vitabu vingi vikarudia jina la kale, na takwimu za FAO tulizozitaja zinamwita kamba yule Penaeus vannamei. Hata hivyo mjadala wa namna ya kuligawa kundi hili haukuishia hapo.

Wapo wanaoutumia mkasa huu kuwakejeli waainishaji: ikiwa majina yao hayadumu, yana faida gani? Hoja hiyo imegeuza mambo. Kwanza, kilichobishaniwa ni ngazi tu, yaani kama makundi yale yaitwe jenasi au yabaki sehemu za jenasi. Spishi hazikupotea: indicus alibaki indicus na vannamei alibaki vannamei. Tofauti za viungo zilizoelezwa mwaka 1969 zilibaki palepale, na yeyote mwenye lenzi anaweza kuziona. Pili, waliompinga waliweza kumpinga kwa sababu alikuwa ameandika kwa uwazi ni sifa zipi zinazotenga kundi hili na lile, na vielelezo alivyovitumia vilihifadhiwa makumbusho, vikiwangoja wenye shaka. Kauli isiyoweza kupingwa haina uzito katika sayansi.

Tatu, hata jeni hazikumfukuza kazi mwainishaji. Mlolongo wa jeni ambao haujulikani umetoka kwa kiumbe gani ni kama barua isiyo na anwani. Ili mlolongo uwe na maana, lazima kwanza mtu amtambue kamba aliyetolewa kipande kile cha nyama. Mtu huyo ni yule yule tuliyemcheka kikaoni.

5.0 Kasoro ya kuhesabu kutajwa

Sasa turudi kwenye kipimo. Kwa muda mrefu thamani ya mtafiti imehukumiwa kwa kuhesabu mara ngapi maandishi yake yametajwa katika orodha za marejeo. Kipimo hiki kina faida zake: hupunguza upendeleo na hulazimisha watu kuchapisha. Lakini kwa mwainishaji kina kasoro ya msingi.

Kwa desturi ya wanabiolojia, jina kamili la spishi hufuatwa na jina la aliyeieleza kwanza na mwaka. Kamba yule wa ufugaji huandikwa Penaeus vannamei Boone, 1931. Wanaomweka katika jenasi Litopenaeus hulitia jina la Boone ndani ya mabano, ikiwa ishara kwamba yeye alimweka spishi huyo katika jenasi nyingine. Mabano hayo mawili yamebeba historia nzima ya ubishi. Maelfu ya makala yanaweza kuliandika jina hilo, lakini katika orodha ya marejeo ya makala hayo kazi ya 1931 kwa kawaida haimo, kwa sababu jina la mtoa jina huchukuliwa kuwa sehemu ya jina la kiumbe. Mashine ya kuhesabu haioni kitu. Kadiri jina linavyozoeleka ndivyo kazi iliyolizaa inavyosahauliwa.

Sisi wa taaluma za lugha hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hili. Ni nani hutaja kamusi kila anapoandika neno kwa tahajia sahihi? Ni nani humtaja aliyebuni istilahi ya spishi au jenasi kila anapoitamka darasani? Mtunga kamusi na mwainishaji wamepata bahati mbaya moja: kazi yao ikifanikiwa hutoweka machoni, ikaonekana kana kwamba ilikuwepo tangu zamani. Kumhukumu mtu wa kazi hiyo kwa idadi ya kutajwa kwake ni kuupima msingi wa nyumba kwa kuhesabu wageni walioutazama.

Tunapendekeza kwamba mwainishaji aulizwe maswali mengine. Je, ufunguo wake wa utambuzi unatumika na watu wasiokuwa wanafunzi wake? Vielelezo vyake vimehifadhiwa mahali ambapo mwenye shaka anaweza kuvifikia? Ni sheria gani, takwimu gani au vituo gani vya ufugaji vinavyotumia majina aliyoyathibitisha? Amemfundisha nani, ili akiondoka pasibaki pengo? Majibu ya maswali haya hayapatikani kwa kubonyeza kitufe. Yanahitaji wajumbe wa kikao wasome, na pengine wainuke wakaulize.

6.0 Kamba katika Kiswahili

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mambo haya yaandikwe katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kwamba nasi tunaainisha. Ngeli ni somo letu la kwanza, na wanabiolojia walipotafuta neno la ngazi moja ya uainishaji wao walilichukua neno hilo hilo. Tunajua kwamba kamba ya kufungia ngalawa hupotea, na kamba wa kuliwa akapotea vilevile, na kwamba kiambishi kimoja tu cha upatanisho ndicho kinachomtoa kiumbe katika kundi la vitu. Lakini tukishamwingiza katika ngeli ya viumbe hai, tunamwachia hapo. Kamusi zetu zimezoea mno kuueleza uhai wa baharini kwa maneno "aina ya samaki" au "mnyama mdogo wa baharini", kana kwamba bahari imejaa aina zisizo na tofauti.

Matokeo yake yanaonekana katika matumizi. Nyaraka za uvuvi za Tanzania husema kambamiti kwa kamba wa kawaida, na kambakochi kwa yule mkubwa wa miambani. Sehemu nyingine za pwani huyo wa pili ni kamba wa mawe. Na neno kamba peke yake huweza kumtaja yeyote kati ya hao. Lipke Holthuis wa makumbusho ya Leiden, Uholanzi, alipotunga orodha ya FAO ya kamba wa dunia wenye faida kwa uvuvi, iliyotoka mwaka 1980, aliweka chini ya spishi nafasi ya majina ya wenyeji wa nchi mbalimbali. Mwainishaji alituachia nafasi. Kuijaza ilikuwa kazi yetu.

Na si kazi ya mapambo. Tuchukue neno uduvi. Kila mtu wa pwani anaujua uduvi ulioanikwa na mchuzi wake. Lakini uduvi ni nani? Je, ni kamba wa jenasi Acetes, ambao hata wakipevuka hawazidi urefu wa sentimita chache? Ama ni watoto wa kambamiti ambao hawajakua? Ama ni mchanganyiko unaobadilika mahali kwa mahali na msimu kwa msimu? Kama ni Acetes, mwenye kuwavua anavuna watu wazima wa jamii yao, na hana kosa la kuvua wachanga. Kama ni watoto wa kambamiti, basi kila tandiko la uduvi juani ni kambamiti wa kesho walioliwa leo. Sheria ya ukubwa wa matundu ya nyavu inaweza kuwa ya haki katika hali ya kwanza na dhuluma katika ya pili, au kinyume chake. Aliye hatarini katika kosa hilo ni mama anayeuza uduvi sokoni na mvuvi anayekamatwa na wavu wake.

Jibu la swali hili halitoki vitabuni peke yake. Linatoka kwenye lenzi. Acetes hana jozi ya nne na ya tano ya miguu ya kutembelea. Mtoto wa kambamiti anazo jozi zote tano. Ni kuhesabu miguu tu, kama yule mwenzetu alivyohesabu meno. Lakini kuhesabu peke yake hakutoshi pia, kwa maana anayehesabu asipojua ni nini wavuvi wa Kilwa, wa Mafia au wa Lamu wanachokiita uduvi, atakuwa na jibu lisilo na swali. Hapo ndipo mtu wa lugha na mtu wa bahari wanapohitajiana: mmoja akusanye jina kutoka kinywani mwa mvuvi, mwingine akihifadhi kielelezo cha kiumbe aliyetajwa, na vyote viwili viandikwe pamoja, mahali vilipopatikana na msimu wake.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba athari ya mwainishaji wa kamba ni kutegemewa. Pérez Farfante alitegemewa na waliokubaliana naye, na wale waliompinga walilazimika kupita katika njia aliyoifyeka yeye. Majina aliyoyapendekeza yamekubaliwa, yamekataliwa na kujadiliwa upya. Tofauti alizozieleza zimebaki. Kipimo kisichoweza kuuona unyayo wa namna hiyo ndicho chenye upungufu.

Kwa hiyo tunawaomba wenzetu wanaokaa katika vikao vya kutathmini kazi za watu wasiridhike na nambari moja. Na tunaziomba idara za Kiswahili zisingoje kualikwa. Zipeleke wanafunzi pwani pamoja na wanafunzi wa sayansi ya bahari, waanze na neno moja tu, uduvi, wakae na wavuvi hadi walijue. Kamusi itakayopata maelezo sahihi ya neno hilo haitapigiwa makofi, na huenda isitajwe popote. Lakini siku ofisa wa uvuvi atakapolazimika kuamua kama wavu wa mvuvi fulani uchomwe au urudishwe, atakuwa na neno la kuaminika mkononi.